UZI: Albert Pujols au Miguel Cabrera, nani alikuwa mpigaji mkali zaidi?

Rungu_la_Mti (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Ubishi wa Pujols na Cabrera umekuwa ukiibukia kwenye nyuzi za watu na kuzivuruga, basi tuujengee kibanda chake hapa.

Kwa wageni wa besiboli: Pujols ni Mdominikana, kazaliwa Santo Domingo 1980. Alihamia Marekani akiwa kijana, akasoma Missouri, ndiyo maana ilibidi apitie uteuzi wa vijana wa 1999, ambako timu huchagua wachezaji kwa zamu. St. Louis Cardinals walimchukua raundi ya 13, majina 401 yakiwa yametajwa kabla ya lake. Cabrera ni Mvenezuela wa Maracay, kazaliwa 1983. Vijana wa kwao hawapiti kwenye uteuzi ule, wanasaini moja kwa moja na timu. Marlins walimsaini mwaka huohuo wa 1999 akiwa na miaka 16, kwa dola milioni 1.8. Kwa hiyo mmoja kaingilia dirishani, mwingine kafunguliwa geti.

Hesabu za mwisho wa safari (hiti ni pigo linalomfikisha mpigaji kituoni, homurani ni pigo linalomzungusha vituo vyote, mbio alizoingiza ni alama za timu zilizotokana na pigo lake):

Pujols (2001–2022): mechi 3,080, hiti 3,384, homurani 703, hiti za vituo viwili 686, mbio alizoingiza 2,218, wastani .296
Cabrera (2003–2023): mechi 2,797, hiti 3,174, homurani 511, hiti za vituo viwili 627, mbio alizoingiza 1,881, wastani .306

Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Huyu anashika 703, yule anashika .306, wanakesha. Mimi nasema namba zote mbili zinadanganya, tena kwa sababu moja: kila mmoja alicheza miaka mingi baada ya makali kuisha. Ukitaka kuwapima sawasawa, mkate kila mtu pale alipoanza kuporomoka. Kwa Pujols ni mwisho wa 2011, alipoondoka St. Louis. Kwa Cabrera ni mwisho wa 2016. Sasa tazameni homurani walizokuwa nazo siku hizo: Pujols 445, Cabrera 446.

Tofauti ya mpira mmoja! Ila Pujols alizipata kwa misimu 11, Cabrera kwa misimu 14, ule wa kwanza ukiwa nusu maana alipandishwa ligi kuu Juni 2003. Wastani wakati huo: Pujols .328, Cabrera .321. Kura yangu ipo kwa Pujols. Karibuni.

Kriketi_Damu

Mkuu, sisi wa kriketi wastani wetu ni mbio gawanya kwa mara ulizotolewa. Mtu mwenye wastani wa 50 ni hatari. Hii .328 mbona ni ndogo hivyo, na kwa nini haina sifuri mbele?

Dada_Skoa

Ndugu, kwenye besiboli wastani hauhesabu mbio kabisa. Ni hiti gawanya kwa zamu rasmi za kupiga. Sifuri inaachwa kwa mazoea, na watu husoma "mia tatu ishirini na nane", kama vile ni alama juu ya elfu.

Chukua jumla ya Pujols: hiti 3,384 gawanya kwa zamu rasmi 11,421, unapata .296. Cabrera: 3,174 gawanya kwa 10,356, unapata .306.

Wengi wanakosea kwenye hiyo "zamu rasmi". Akitembezwa bure kwa mirusho minne mibovu, zamu hiyo haihesabiwi. Akigongwa na mpira, vilevile. Akipiga mpira wa juu ukadakwa lakini mwenzake wa kituo cha tatu akaingia, haihesabiwi pia. Ukizigawanya hiti kwa zamu zote utamshusha mtu bure: Pujols alisimama kupiga mara 13,041, Cabrera mara 11,796.

Wastani unaichukulia hiti ya kituo kimoja sawa na homurani, kwa hiyo lazima uongeze kipimo cha nguvu. Hesabu vituo: hiti ya kawaida 1, ya vituo viwili 2, ya vitatu 3, homurani 4. Njia fupi ni kuchukua hiti zote, kujumlisha za vituo viwili mara moja tena, za vitatu mara mbili, homurani mara tatu.

Pujols: 3,384 + 686 + (16 × 2) + (703 × 3) = 6,211. Gawanya kwa 11,421, ni .544.
Cabrera: 3,174 + 627 + (17 × 2) + (511 × 3) = 5,368. Gawanya kwa 10,356, ni .518.

Tatu ni kiwango cha kufika kituoni, yaani hiti pamoja na kutembezwa na kugongwa. Hapo Cabrera anaongoza, .382 kwa .374. Hivyo viwili vya mwisho ukivijumlisha ndiyo OPS mnayoisikia kila siku. Tahadhari: OPS inavipa viwili hivyo uzito sawa, wakati kufika kituoni kuna thamani zaidi kwa kila alama. Ni kipimo cha haraka tu, si mizani ya dhahabu.

Chui_Milia

Rungu, hesabu yako nzuri ila umeikata mahali panapokufaa. Mbona hujataja 2012?

Mwaka ule Cabrera aliongoza Ligi ya Marekani (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu) kwa wastani (.330), homurani (44) na mbio alizoingiza (139), vyote msimu mmoja. Hilo ndilo Taji la Mara Tatu, na kabla yake aliyelipata wa mwisho alikuwa Carl Yastrzemski wa Boston mwaka 1967. Miaka 45! Pujols hakulipata kamwe. Mwaka 2003 alichukua wastani kwa .359 lakini homurani zikaenda kwingine. Mwaka 2010 akachukua homurani 42 na mbio 118, wastani ukamponyoka.

Na uongozi wa wastani: Cabrera anao mara nne, 2011 (.344), 2012, 2013 (.348) na 2015 (.338). Pujols mara moja. Tukizungumzia kupiga mpira, kupiga tu, Cabrera ndiye fundi.

Halafu aina ya upigaji. Pujols alisimama miguu imepanuka, magoti yamekunjwa, hakupiga hatua. Kisigino cha mguu wa mbele kiliinuka kidogo tu kikarudi chini. Kichwa hakisogei. Nguvu yake kubwa ilikwenda kushoto. Cabrera alikuwa na mguu unaoinuka, lakini mikono ilisubiri. Mpira wa kasi wa nje aliuacha umfikie karibu kabisa na mwili, kisha akausukuma juu ya uzio wa kulia. Hebu rudini mechi ya nne ya Fainali za 2003, kijana wa miaka 20 mbele ya mrushaji Roger Clemens. Clemens alianza kwa kumrushia mpira karibu na kidevu ili arudi nyuma. Zamu ileile, Cabrera akaupeleka mpira uwanja wa kulia, homurani. Mrushaji hana pa kumkimbilia mtu wa hivyo.

Rungu_la_Mti

Chui, Taji la Mara Tatu ni zuri kwenye kabati, lakini linategemea na wapinzani wako wa mwaka huo walifanya nini. Pujols wa 2003 hakupiga vibaya, ila ligi ilikuwa na watu wengine wenye homurani nyingi zaidi. Namba yake mwenyewe haibadiliki kwa sababu jirani kapiga zaidi.

Na mbio za kuingiza zinategemea nani kakaa kituoni mbele yako. Hata mimi nimeziweka juu pale kwa mazoea tu.

Nikuulize swali moja: straiki tatu, yaani kutolewa kwa kukosa au kuachia mirusho mizuri mitatu.

Pujols alitolewa kwa straiki tatu mara 1,404 maisha yake yote. Cabrera mara 2,105. Ukigawanya kwa zamu zote, Pujols ni asilimia 10.8, Cabrera asilimia 17.8. Mwaka 2006 Pujols alipiga homurani 49 na akatolewa kwa straiki tatu mara 50 tu. Zitafuteni namba hizo kwa wapigaji wa nguvu wa leo. Wengi wanafikisha straiki 50 kabla ya nyasi za Mei kukatwa.

Gavana_wa_Uzio

Hapo kwenye straiki tatu kuna upande wa pili wa shilingi ambao mashabiki wa Pujols wanaufunika.

Mtu asiyetolewa kwa straiki tatu anaugusa mpira. Akiugusa ukaviringika chini wakati mwenzake yuko kituo cha kwanza, walinzi wanatupa kituo cha pili, kisha cha kwanza, auti mbili kwa mpira mmoja. Pujols anashikilia rekodi ya ligi kuu kwa hilo: mara 426. Hakuna aliyewahi kumfikia. Masharti yote anayo: anapiga mkono wa kulia, kwa hiyo yuko hatua moja zaidi kutoka kituo cha kwanza, anapiga kwa nguvu, kwa hiyo mpira unamfikia mlinzi mapema, amewekwa nafasi ya tatu au ya nne, kwa hiyo karibu kila mara kuna mtu kituoni, na miguu ya uzeeni haikukimbia. Straiki tatu ni auti moja, hii ni auti mbili.

Cabrera naye yumo karibu na kilele cha orodha hiyo, kwa sababu zilezile. Lakini msiseme straiki chache ni faida tupu.

Mzee_wa_Glavu

Mnabishana kana kwamba hawa watu walikuwa wanapiga kisha wanakwenda nyumbani. Kuna nusu nyingine ya mechi.

Pujols mwaka wake wa kwanza aliwekwa kituo cha tatu, kituo cha kwanza, uwanja wa kushoto na wa kulia, na bado akapiga .329 na homurani 37. Kuanzia 2004 akatulia kituo cha kwanza. Akapata Glavu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi, 2006 na 2010. Mwaka 2009 alitoa pasi za auti 185, rekodi ya msimu kwa mlinzi wa kituo cha kwanza. Sababu ni moja: alikuwa akicheza mbali na kituo, anafuata mipira ya kulia kwake ambayo walinzi wengi wanamwachia mwenzao, kisha anamtupia mrushaji anayekimbilia kituoni. Vilevile aliiba vituo 117 maisha yake. Cabrera aliiba 40.

Cabrera glavuni alikuwa wa kuvumiliwa. Detroit, timu yake wakati huo, walipomleta Prince Fielder mwaka 2012, Cabrera alirudishwa kituo cha tatu ili Fielder apate nafasi. Mikono yake ilikuwa mizuri, mkono wa kutupa mzuri, miguu ndiyo haikufika. Fielder alipouzwa Texas mwisho wa 2013, akarudi kituo cha kwanza haraka.

Hapo ndipo pengo la WAR linapotoka. Kipimo hicho kinajumlisha kupiga, kukimbia na kulinda, kinampa Pujols karibu 101 na Cabrera karibu 67. Pengo la 34 haliwezi kuwa la homurani peke yake. Karibu 87 ya Pujols ni ya St. Louis; miaka 11 iliyofuata ilimpa makombo. Cabrera baada ya 2016 hakuongeza kitu, na misimu mingine alitoka chini ya sifuri.

Chui_Milia

Shikamoo Mzee. WAR hiyohiyo ndiyo ilitumika 2012 kusema Mike Trout kanyang'anywa tuzo ya Mchezaji Bora. Wapiga kura 22 kati ya 28 walimpa Cabrera. Na 2013 wakampa tena.

Mzee_wa_Glavu

Marahaba. Kura si kipimo, kijana. Na kwa kura hizohizo Pujols anazo tuzo tatu za Mchezaji Bora: 2005, 2008, 2009.

Sindano_Tano

Naomba kuongezea upande wa miili, maana ndio uliowamaliza wote wawili, kila mmoja kwa njia yake.

Pujols: miguu. Utando wa unyayo ulimsumbua miaka, na Julai 2013 ukachanika sehemu. Mpigaji wa mkono wa kulia anasukuma kwa mguu wa nyuma, kisha mguu wa mbele unapokea uzito wote na kukaza ili nyonga izunguke. Unyayo ukiuma, unapunguza msukumo bila kujua, unazungusha mikono kufidia, rungu linafika mapema na kupita juu ya mpira. Matokeo yake ni mipira ya kuviringika kushoto. Timu nazo zikajifunza: zikawa zinahamisha walinzi watatu upande ule wa kushoto. Hiti za zamani zikawa auti. Sheria ya kuzuia uhamisho huo, walinzi wawili kila upande wa kituo cha pili, ilianza 2023, yeye akiwa amestaafu mwaka mmoja kabla.

Cabrera: mgongo na mkono. Septemba 2017 aligundulika na disiki mbili za mgongo zilizotoka mahali pake. Msimu ule wastani ulishuka hadi .249 kutoka .316 mwaka uliotangulia. Juni 2018 kano ya misuli ya mkono wa kushoto ikakatika akiwa anapiga, msimu ukaisha kwa mechi 38 na homurani 3. Mkono wa kushoto kwa mpigaji wa kulia ndio unaoongoza rungu. Nguvu ya kwenda uwanja wa kulia, ile Chui anayoisifia, haikurudi tena kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo mmoja alipoteza hiti, akabaki na homurani. Mwingine alibaki na hiti, akapoteza homurani. Baada ya mipaka ya Rungu, Pujols alipiga homurani 258 zaidi kwa wastani wa karibu .257. Cabrera alipiga 65 tu kwa wastani wa karibu .26.

Kriketi_Damu

Na mishahara? Nasikia wote walilipwa fedha za kufuru wakati wameshaisha.

Gavana_wa_Uzio

Kweli kabisa. Angels walimpa Pujols miaka 10 kwa dola milioni 240, Desemba 2011. Detroit walimpa Cabrera nyongeza ya miaka 8 kwa milioni 248, Machi 2014.

Ya Detroit ndiyo ya kushangaza. Mkataba wa zamani ulikuwa na misimu miwili mbele yake, hakuna aliyekuwa anawakimbiza. Nyongeza ilianza kuhesabika 2016, Cabrera akiwa na miaka 33. Msimu huo wa kwanza akapiga .316 na homurani 38, na huo ndio ukawa wa mwisho wa maana. Miaka saba iliyobaki walilipa jina.

Kwa haki ya Cabrera, Comerica Park, uwanja wa Detroit, haukumsaidia. Uzio wa katikati ulikuwa futi 420 kutoka kituo cha nyumbani, kama mita 128. Busch ya St. Louis ni futi 400, mita 122. Mita sita kwa mtu anayependa kupiga katikati na kulia ni nyingi. Detroit walikuja kuusogeza hadi futi 412 mwaka 2023, msimu wake wa mwisho, amebakiwa na homurani nne mwilini. Utani wa mbingu.

Dada_Skoa

Rungu, mpaka wako wa 2011 una tundu moja: 2022.

Pujols alirudi St. Louis akiwa na miaka 42 na homurani 679. Hadi mapumziko ya katikati ya msimu alikuwa na 6. Baada ya hapo akapiga 18. Usiku wa Septemba 23, uwanjani kwa Dodgers, akapiga mbili: ya 699 kwa Andrew Heaney na ya 700 kwa Phil Bickford. Akawa wa nne kufika huko, nyuma ya Bonds (762), Aaron (755) na Ruth (714).

Haikuwa miujiza. Ligi ya Taifa, wanakocheza St. Louis, ilianza kumruhusu kwa kudumu mpigaji maalumu asiyelinda mwaka huohuo, kwa hiyo miguu ilipumzika. Na kocha alimpanga zaidi dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto, ambao mpira wao mpigaji wa kulia anauona mapema. Mechi 109 badala ya 150. Angels wangemtumia hivyo tangu 2017 tungekuwa tunasoma wastani mwingine.

Rungu_la_Mti

Nakubali, ila hainipunguzii hoja, inaniongezea.

Tumalizie na mechi za mtoano. Oktoba 2005, Houston, Cardinals wako nyuma 4–2, ngwe ya tisa (ya mwisho kwa kawaida), auti mbili. Mrushaji wa Houston, Brad Lidge, alikuwa akiishi kwa slaida, mrusho unaopinda na kudondoka. Moja haikudondoka vya kutosha, Pujols akaipeleka juu ya reli za uwanja ule. Ikaisha 5–4. Mechi iliyofuata walitolewa, watu husahau hilo. Fainali za 2011, mechi ya tatu huko Texas: hiti tano, homurani tatu, mbio sita. Pete mbili za ubingwa, 2006 na 2011.

Cabrera ana pete ya 2003 akiwa mtoto. Baada ya hapo, 2012, mwaka wa Taji lake: mechi ya nne, ngwe ya kumi, auti mbili, Detroit wako nyuma 4–3. Sergio Romo wa Giants anajulikana kwa slaida, na zamu ile alimlisha slaida. Kisha akamrushia mpira ulionyooka wa maili 89, kama kilomita 143 kwa saa, katikati kabisa. Cabrera aliusimamia akiutazama. Straiki ya tatu, Fainali zikaisha.

Chui_Milia

Huo mrusho wa Romo unaniuma hadi leo, hukuwa na haja ya kuuleta. 😅

Ila sikilizeni. Wenye hiti 3,000, homurani 500 na hiti za vituo viwili 600 kwa pamoja katika historia yote ni watatu: Hank Aaron, Pujols, Cabrera. Ruth hayumo, Mays hayumo, Bonds hayumo. Kwa hiyo ubishi huu ni wa wa pili na wa tatu kwenye chumba chenye viti vitatu. Nakubali Pujols alikuwa mchezaji bora zaidi. Mpigaji bora zaidi, kati ya 2010 na 2016, sikubali.

Mzee_wa_Glavu

Hiyo 2010 umeichagua wewe. Anza 2003 uone.

Kriketi_Damu

Na Jumba la Heshima la Cooperstown wanaingia lini?

Gavana_wa_Uzio

Lazima misimu mitano ipite baada ya kustaafu, kisha waandishi wanapiga kura, unahitaji asilimia 75. Pujols anaingia kwenye karatasi za darasa la 2028, Cabrera 2029.

Dada_Skoa

Kitu kimoja kabla watu hawajanakili namba za hapa. Mbio 2,218 za Pujols mara nyingi huandikwa kuwa za pili kwa Aaron mwenye 2,297, mbele ya Ruth mwenye 2,214. Lakini mbio za kuingiza zilianza kurekodiwa rasmi 1920, na Ruth alianza 1914. Hesabu ya ligi yenyewe haizitambui zile za mwanzo, inampa Ruth 1,992. Kwa hiyo ukikuta ukurasa mmoja unasema Pujols alimpita Ruth 2022, na mwingine unasema ni miaka kadhaa kabla, hakuna aliyekosea. Angalia kwanza wanatumia daftari gani.